Alitobolewa, Hakupasuliwa

Ninyi wajukuu mnaosoma haya mmelala kifudifudi, kaeni vizuri kwanza. Habari hii ni ya tumbo la mwanamke, na habari ya tumbo haisomwi kwa kujilaza. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, la nne nililichungulia tu mlangoni, kwa hiyo mkikuta herufi imepinda inyoosheni wenyewe mkae kimya.

Nawaandikia kwa sababu juzi niliwasikia wawili wenu mkibishana barazani. Mmoja akasema, siku hizi operesheni si kitu, wanakutoboa vitundu, wanakubandika plasta, unarudi nyumbani unaangalia mpira. Maneno hayo hayo yalishasemwa katika nyumba hii, na nusura yatuzikishe watu wawili kwa mpigo. Mmoja wa hao waliokaribia kuzikwa ndiye aliyekuwa akiyasema juzi, mdomo umejaa muhogo.

Binti yangu wa tatu aliolewa na mtu wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa. Mume mwenyewe kazi yake ilikuwa huku chini ziwani, kununua dagaa na kuwasafirisha, kwa hiyo walipanga chumba na sebule nyuma ya nyumba yangu hapa Ujiji. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake. Shangazi huyo ndiye aliyekuwa mkwe wangu kwa kila shughuli. Mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa umri, ana sauti ya kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya bonde hata kama mtu huyo amekaa naye mkeka mmoja.

Ndoa ilikaa miaka bila mtoto. Kisha tumbo likatokea. Lilikuwa tumbo zuri, la mviringo, limekaa mbele kama la mtu mwenye bahati. Mtaani wakaanza kumpisha kiti. Kutoka Kalinzi zikashuka ndizi na kahawa, na shangazi akatuma na jina kabisa, la babu mmoja wa kule, kwamba mtoto akiwa wa kiume aitwe hivyo.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mwenye tumbo alikuwa akienda mwezini, tena si kidogo, mpaka anashika ukuta akiinuka. Nikamuuliza shangazi, mimba gani hiyo?

"Hiyo ni damu chafu, mkwe," akasema. "Kizazi kinajisafisha kabla mgeni hajaingia."

Mgeni gani anayefagiliwa namna hiyo kila mwezi? Nikamshika binti yangu mkono mpaka hospitali. Wakampiga picha ya tumbo. Mtoto hakuwemo. Ulikuwemo uvimbe kwenye kizazi, mmoja mkubwa kama ngumi ya mwanamume, na wadogo wake pembeni. Tumbo lililopongezwa kuliko matumbo yote ya mtaa huu lilikuwa tumbo la nyama. Babu wa Kalinzi ikabidi asubiri, na ndizi zake tulikuwa tumeshazila.

Daktari wa hapa akawaelekeza waende hospitali kubwa, huko reli inakoanzia. Sisi tuko inakoishia. Wakapanda treni mke na mume. Waliporudi mimi nilikuwa nimejiandaa kumpokea mtu aliyefunguliwa kuanzia kitovuni kwenda chini, nimekwisha kutafuta hata mtu wa kunisaidia kumgeuza kitandani. Akashuka kwenye bajaji anatembea mwenyewe, amebeba mkoba.

"Fungua nione," nikamwambia, tulipoingia ndani.

Akafungua. Nikaona vidonda vidogo, kimoja kitovuni na vingine pembeni, vya ukubwa wa kishikizo cha shati.

"Na ile ngumi ilitokaje?"

"Waliingiza kamera na visu vidogo, mama. Wakaukata humo humo ndani, wakauvuta vipande vipande."

"Kwa tundu hilo?"

"Kwa tundu hilo."

Mimi kutoa samaki mmoja wa mgebuka chunguni bila kuuvunja mkia kunanishinda.

Lakini sikilizeni alichoambiwa na daktari yule, maana aliambiwa arudie mpaka akariri, na mimi akanirudishia tukiosha vyombo. Nje ni matundu. Ndani, ukuta wa kizazi umekatwa kwa kina, kwa sababu uvimbe ulikuwa umezama humo, na ukashonwa. Asibebe mimba haraka. Akibeba, awaambie wanaompima kwamba kizazi kina mshono. Na asije akasubiri uchungu uanze mahali palipo mbali na chumba cha upasuaji, kwa sababu uchungu ukivuta ukuta huo, mshono unaweza kuachia, na ukiachia humo ndani hakuna wa kuuziba na kanga. Mama anakwenda, mtoto anakwenda.

Hayo yalikuwa maneno ya daktari. Sasa mje kwenye neno la mumewe.

Shangazi alishuka kuja kumwona mgonjwa. Kule kwao neno ni moja. Mbuzi akichunwa na kupasuliwa ni kubaga, na mtu akipasuliwa hospitali ni kubaga vile vile. Na kwa shangazi, mwanamke aliyebagwa hakuwa tofauti sana na huyo mbuzi. Alikuwa kikapu kilichofumuka kitako, huwezi kukiwekea kitu ukategemea kukikuta. Basi akaingia, mwidiwe yake, salamu ya Kiha, ikasemwa akiwa bado mlangoni, na kabla sijamaliza shikamoo akamkazia macho mwanawe.

"Mmembaga mke wetu?"

Mkwe wangu huyo wa kiume nimewahi kumwona akigombana na watu wenye mapanga pale mwaloni, boti zinaposhusha dagaa, bila kurudi nyuma. Mbele ya shangazi yake akawa kama kanga iliyolowa.

"Hapana, shangazi. Hakupasuliwa. Ametobolewa tu."

"Ametobolewa? Kama sikio?"

"Kama sikio."

Shangazi akapiga makofi. "Ala! Basi kumbe hana neno! Sikio ninyi mnatoboa kila siku, na hereni mnavaa!"

Akakaa, akaomba chai, akaongeza sukari mwenyewe. Mkwe wangu akapumua. Alidhani amemsitiri mkewe, na kwa kweli kwa siku ile alimsitiri.

Neno likatoka nje likazoea mtaa. Kwenye bomba la maji ni yule aliyetobolewa. Kwa muuza mawese ni yule aliyetobolewa. Hata binti yangu mwenyewe akaanza kusema hivyo, kwa sababu kupasuliwa kunatisha na kutobolewa kunachekesha, na mtu aliyeteseka miaka mingi akipewa cha kuchekesha hakikatai.

Muda ukapita, wala hakubeba haraka, hilo alilitii. Ukafika wakati ule watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi. Boti zilishusha watu ufukweni siku baada ya siku, wenye magodoro, wenye mbuzi, wenye vichwa vyao tu. Wengi walipelekwa makambini. Mimi nilipata mgeni mmoja, mwanamke kijana, ukoo wa marehemu mume wangu kwa upande wa mama yake. Alikuja na kichanga aliyemzaa siku ile ile waliposhuka, palepale mchangani, wanawake asiowajua wamemzungushia kanga. Hospitali nazo zikafurika, foleni ya wajawazito inaanzia ndani inaishia barabarani, Kiswahili, Kiha, Kirundi, vilio vya watoto, vyote kwa pamoja.

Katika msongamano huo binti yangu akabeba mimba ya kweli. Hakuna aliyempongeza.

"Pole, mwenzangu. Umerudi?" jirani akamuuliza.

"Nani amerudi?"

"Si uvimbe?"

Tumbo la nyama lilipishwa kiti. Tumbo la mtoto likapewa pole. Shangazi naye akatuma salamu kwamba yeye hawezi kutuma ndizi kwa uvimbe mara mbili, akili yake bado anayo. Picha ya hospitali ilionyesha moyo unapiga, nikamtumia habari hiyo, akajibu kwamba hata ile ya kwanza watu walisema hivyo hivyo. Ndipo siku moja jirani huyo wa pole akaweka kiganja juu ya tumbo, akakitoa upesi.

"Jamani, uvimbe huu una miguu!"

Siku zilizofuata ndizi zikashuka mara mbili ya zile za kwanza, na babu wa Kalinzi akarudishwa kwenye foleni.

Sasa mje kwenye kliniki. Binti yangu alikwenda peke yake. Mimi nilikuwa na kichanga cha mgeni wetu, ana homa. Akarudi anatembea kwa maringo.

"Nesi amesema kila kitu ni kizuri, mama. Naweza kuzalia zahanati yoyote, hata ya Kalinzi."

Nikaweka mwiko chini. "Hata ya wapi?"

"Ya Kalinzi. Shangazi anataka nikazalie kule."

"Nesi alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nina sukari, kama nina presha, kama nimewahi kupasuliwa."

"Ukajibu nini hapo pa kupasuliwa?"

"Nilisema hapana."

"Hapana?"

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mzee. "Mama, si mimi nilitobolewa?"

Msicheke. Angekuwa mjinga ningecheka na mimi. Huyu alifika kidato cha nne. Aliambiwa na daktari kwa mdomo wake, akarudia, akakariri. Lakini neno la daktari alilisikia siku moja, na neno la mumewe alilisikia kwenye bomba la maji kila asubuhi. Nesi akiwa na foleni ya barabarani aliuliza swali lake, akapewa jibu lake, akaita mwingine. Nani wa kumlaumu?

Kesho yake nilimpa mgeni wetu dawa za mtoto wake, nikavaa, nikamshika binti yangu mkono. Tulipofika kwa nesi nikasema kabla ya kuketi:

"Huyu jana alikwambia hajapasuliwa. Amepasuliwa kizazi."

Nesi akamfunua tumbo, akatazama juu na chini. "Bibi, mbona hapa hakuna mshono?"

"Kuna vishikizo. Vitafute."

Akavitafuta kwa kidole, akavipata, akaacha kuandika. "Walikutoa uvimbe kwa matundu?"

"Ndiyo," akasema binti yangu.

"Walisema ulikuwa umezama kwenye ukuta?"

"Ndiyo."

"Jana mbona ukasema hujapasuliwa?"

"Nilitobolewa, sista."

Nesi alijizuia akashindwa, akacheka mpaka akashika meza, halafu ghafla akaacha, maana alikumbuka alikuwa amemruhusu kwenda wapi. Akainuka mwenyewe akatuongoza kwa daktari. Daktari naye hakucheka hata kidogo. Akapanga siku ya kumpasua kabla uchungu haujaanza, na akasema asitoke mjini.

Mngedhani mambo yakaishia hapo. Hamumjui shangazi.

Siku ile ya kupasuliwa ilikuwa bado mbele aliposhuka kutoka Kalinzi na pikipiki mbili. Moja yake na mzigo, moja ya kumpandisha binti yangu. Mtoto wa kwanza wa ukoo ule, alisema, kitovu chake kinazikwa shambani kwao, chini ya mgomba wa baba yake, siku kinapodondoka. Mtoto atakayezaliwa Ujiji kitovu chake kitakuwa cha Ujiji, na yeye mwenyewe atakuwa wa Ujiji, akipewa shamba atauliza kahawa ni mti gani.

Tulikaa sebuleni: mimi, shangazi, binti yangu na tumbo lake, mkwe wangu kwenye kigoda karibu na mlango, na mgeni wetu ananyonyesha kwenye mkeka. Waendesha pikipiki walikuwa nje, lakini kwa sauti ya shangazi ni kama walikuwa ndani.

"Mkwe, hawezi kwenda," nikasema. "Atapasuliwa hapa."

"Apasuliwe ana nini? Mtoto amekaa vibaya?"

"Amekaa vizuri."

"Mama ana nguvu?"

"Anazo."

"Basi mnamtafutia kisu cha nini? Vidole vya hospitali vinawasha tu!" Akamnyooshea mkono mgeni wetu. "Huyu mnamwona? Alizalia mchangani, juu ya mawe, hana hata shuka, na mtoto huyo hapo anavuta ziwa. Mke wetu ana kitanda na zahanati na mimi, anaogopa nini?"

Mgeni wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Akamhamishia mtoto ziwa la pili.

"Mama," akamwambia shangazi, kwa adabu kabisa, "mimi nilizaa mchangani kwa sababu sikuwa na kitanda. Siyo kwa sababu mchanga ni mzuri."

Nje mwendesha pikipiki mmoja akakohoa kicheko.

Shangazi hakugeuka. "Lakini wewe hukubagwa. Na mke wetu naye hakubagwa, alitobolewa kama sikio. Mwanangu mwenyewe aliniambia. Au siyo, baba?"

Wote tukamtazama mkwe wangu. Mimi ningeweza kumjibia. Binti yangu angeweza. Sikumruhusu mtu. Neno lilikuwa lake, na shangazi asingeliondoa kichwani kwa mdomo wa mtu mwingine. Angepandisha pikipiki zake leo akarudi nazo kesho mimi nikiwa sokoni.

"Jibu," nikamwambia.

"Mama..."

"Usinijibu mimi. Mjibu aliyekulea."

Akasimama. Akakaa. Akamtazama mkewe, na mkewe ameshika tumbo kwa mikono miwili, hatazami mtu.

"Shangazi," akasema, "alipasuliwa."

"Uliniambia sikio."

"Nilikwambia sikio."

"Wapi sasa alipopasuliwa? Mimi tumbo nimeliona!"

"Ndani. Kizazi chenyewe. Walikikata wakakishona." Akanyoosha kiganja, akapima kwa kidole cha mkono wa pili kuanzia kifundo mpaka katikati ya vidole. "Hivi. Akipata uchungu njiani kinaweza kupasuka, afe yeye na mtoto. Nilijua tangu mwanzo. Nilikuogopa wewe."

Shangazi akakitazama kile kiganja. Nilidhani atamtukana. Akavuta ncha ya kitenge chake akajifuta uso.

"Sikio halizai," akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Na kitovu, mkwe? Nikirudi mikono mitupu, kule juu nitawaambia nini?"

"Kitovu kinapanda pikipiki," nikamjibu. "Kizazi hakipandi. Kikidondoka tutakifunga kwenye kitambaa, baba yake atakileta, mkizike popote mnapotaka."

Akafikiri. Naona alikuwa akitafuta ubaya wa jambo hilo na hauoni. Akainua sauti yake ile ya bonde, akawaambia walioko nje wateremshe mzigo wake, wao warudi. Yeye atabaki. Sikuwa nimemwalika, lakini ndizi zilikuwa nyingi.

Uchungu haukusubiri siku ya daktari. Ulianza asubuhi moja binti yangu akichambua mchele, akaacha ungo ukaanguka. Shangazi ndiye aliyekimbia barabarani kuita bajaji, na nawaambia bajaji zilisimama tatu kwa ukelele mmoja. Nesi alishatufahamu, hatukupanga foleni. Wakamwingiza moja kwa moja. Tukakaa nje kwenye benchi, wakwe wawili, na mume amesimama ukutani kama amebandikwa. Shangazi akawa anasali kwa dini yake, mimi kwa yangu, na hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti.

Mtoto akalia. Baadaye daktari akatoka, akatuambia wote wawili wazima. Akasema pale penye mshono wa zamani ukuta ulikuwa umevutika ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, anaona kivuli cha mtoto kwa upande wa pili.

"Mlikuwa mkitokea wapi?" akauliza.

"Ujiji," nikasema.

"Sawa. Nilisikia kuna habari ya Kalinzi." Akatazama ile njia ya nje, akatikisa kichwa, akaondoka.

Shangazi alipoingia wodini, kitu cha kwanza aliomba aonyeshwe mshono. Akaonyeshwa: mkato mrefu chini ya tumbo, wa kueleweka, na bandeji yake. Akaridhika sana.

"Huu sasa ndio mshono," akasema. "Siyo vile vishikizo vya uongo. Mtu akiuliza, unamwonyesha."

Kitovu kilidondoka, kikafungwa, kikapanda pikipiki na baba yake. Tukarudishwa nyumbani, nyumba ikajaa. Wale wa pole wakaja na pongezi, wale wa pongezi wakaja na maswali. Mmoja akamwona binti yangu amesimama tu mlangoni, akamwambia mtoto si ameshatoka, mbona ndoo inabebwa na mgeni. Mwingine, jirani yule yule wa miguu, akasema sasa njia imefunguka, wa pili asicheleweshwe, mwaka huu huu. Shangazi akafungua mdomo kukubaliana naye. Nikamtazama. Akaufunga, akaupanguza kwa kitenge.

Wageni walipotoka nikafunga mlango, nikawaita wote wa nyumba ile, mkwe wangu aliyekuwa ametoka Kalinzi siku hiyo na vumbi lake, mgeni wetu, shangazi, na watoto wangu wengine waliokuja kula. Nikawaambia wasimame, kwa sababu mtu aliyekaa husahau upesi.

"Huyu hagusi ndoo mpaka mimi niseme. Hapandi pikipiki. Hapiki ugali wa watu wengi. Akienda kupimwa, mumewe anakwenda naye, na nesi akiuliza, mume ndiye anaanza kujibu, kwa sauti, mpaka foleni isikie: kizazi cha mke wangu kimepasuliwa mara mbili. Na mtu yeyote, wa Ujiji au wa Kalinzi, akiuliza mtoto wa pili anakuja lini, mwambieni mwenye haraka azae mwenyewe. Haya, mkwe, wewe uliyesema sikio, kapike uji."